Kila Mtu Alitaka Turudi Uganda

Mume wangu alikuwa fundi wa kiwanda cha majani chai, na sijaona mtu wa kuamua jambo haraka kama yeye akiwa kazini. Alikuwa anachukua konzi ya majani yaliyosagwa, ananusa mara moja, anasema, "Tayari, peleka motoni," na wanaume wazima wanakimbia. Lakini akishavuka mlango wa nyumba yake pua inakufa. Ukimuuliza tununue sufuria kubwa au ndogo, anasema, "Tutaona." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, na huku maji yanachuruzika kwa kofia yake, anasema, "Tutaona."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa shauri la kuamua kama sisi tutarudi Uganda au tutakaa nyumbani.

Tulikuwa tumekaa Uganda miaka ya kutosha, kwa shamba la chai upande wa Toro. Tulikwenda karibu na wakati wa uhuru, na tulipokuja nyumbani kwa likizo ndefu miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho. Meneja wa kule alimwambia mume wangu kwamba nafasi yake itamngoja mpaka mvua ndefu ianze. Ikianza kabla hajafika, atachukua mtu mwingine. Akamwahidi pia nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu muda wote huo tulilala chumba kimoja, sisi na watoto na kuku.

Kwetu ni kilimani karibu na Sotik, upande wa kushuka Chepilat. Mimi nilitaka tukae hapo, na nitasema wazi kwa nini, maana mimi si mtu wa kuzungusha maneno.

Binti yetu wa kwanza hatukwenda naye Uganda. Watu walituambia kule kuna homa inayomaliza watoto, na mama mkwe akasema, "Huyu acheni hapa," akambeba mgongoni, mambo yakaisha. Wakati huo alikuwa bado anaanguka akikimbia. Sasa tuliporudi nilikuta msichana mrefu mwenye jembe lake mwenyewe. Alitusalimia vizuri sana, kwa mikono miwili. Akafuta kigoda na pindo la nguo yake, akanielekeza nikae, akasema, "Karibu, Mama Uganda." Halafu akaniletea chai katika kikombe chenye maua, kile ambacho mama mkwe humwekea mchungaji wa kanisa.

Nimezaa mtu, na yeye ananipa kikombe cha wageni. Nilikunywa hiyo chai yote mpaka majani ya chini.

Mama mkwe alishasema kwamba msichana yuko shuleni na hatoki. Kwa hiyo nilijua nikienda Uganda mara ya pili nitarudi nimkute ameolewa, anikaribishe kwake na kikombe kingine chenye maua. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Mshahara na vyumba viwili sikuviwaza hata kidogo.

Sasa lazima nieleze habari ya ng'ombe, kwa sababu bila ng'ombe hutaelewa vile watu walivyotuzungumzia.

Sisi Wakipsigis, ukiwa na ng'ombe kadhaa huwaweki wote kwa zizi moja. Ugonjwa ukiingia utabaki na kamba. Ng'ombe mmoja unampa ndugu akutunzie, unapeleka mwingine kwa rafiki wa mbali kwenye majani mengi. Desturi hiyo tunaiita kimanagan. Anayekaa na ng'ombe anakunywa maziwa, na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, unaletewa ngozi ujue amekufa kweli. Na siku unamchukua ng'ombe wako, kama alitunzwa vizuri, unamwachia mtunzaji ndama mmoja ili moyo wake usiume. Tulipokwenda Uganda tuliweka ng'ombe wetu kwa watu watatu: kaka mkubwa wa mume wangu, rafiki yake wa rika moja anayekaa Mulot, na kaka yangu mimi, wa tumbo moja, ng'ambo ya mto.

Basi watu wakaanza kuja kutupa mawaidha.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu huyo, kaka mkubwa. Alikuwa mzee wa kanisa, na ukimimina chai kabla hajaanza kuomba utainywa ikiwa imeshika utando. Siku hiyo aliomba juu ya wagonjwa, akaomba juu ya serikali, halafu akamwomba Mungu awafungulie njia watumishi wake wanaorudi Uganda. Nikafungua jicho moja. Hakuna mtu aliyekuwa amesema tunarudi.

Wa pili alikuwa yule rafiki wa Mulot. Alipanda lori la mahindi mpaka Bomet, akatembea sehemu iliyobaki, ili aje kutuambia Uganda ni nchi nzuri. Mtu huyo hakuwa amepita Kericho tangu azaliwe. Alinieleza mimi, niliyekaa huko, vile ndizi za huko zilivyo kubwa. Akaleta pia ngozi, akasema ni ya ndama wetu aliyekufa kwa ukame. Niliitandaza kwa majani nikaitazama. Ilikuwa kubwa kama blanketi la watu wawili.

Nikamwambia, "Ndama huyu alizeeka mbio."

Akasema kule Mulot ngozi huvutika kwa jua.

Wa tatu alikuwa kaka yangu, na huyo ndiye aliyeniuma. Nilidhani amekuja kuniona. Alikula, akashiba, akaanza, "Dada, usimzuie mume wako. Ukimzuia watasema ni sisi tuliokulea vibaya."

Mume wangu alisikiliza wote. Hakusema ndiyo wala la. Lakini tulikuwa na sanduku la bati lililotoka nasi Uganda, na mimi nilijifunza kusoma mawazo ya mzee wangu kwa hilo sanduku. Siku tuliyofika lilikuwa chini ya kitanda. Shemeji alipomaliza kuomba, lilitoka likakaa mguuni pa kitanda. Aliposhuka yule wa Mulot, likafika katikati ya nyumba, na mume wangu akatia mafuta kufuli. Kaka yangu alipoondoka, nilijikwaa juu yake karibu na mlango, nikaumia mguu.

"Baba watoto," nikamwuliza, "tunakwenda?"

"Tutaona."

"Sanduku limeshaona."

Akalivuta nyuma hatua moja.

Siku moja asubuhi moto ulizimika kwangu, nikaenda kuomba kaa kwa mke wa shemeji. Nilimkuta anakamua ng'ombe wetu, yule wa rangi ya udongo. Ndani ya nyumba vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vilikuwa vimening'inia mstari mzima, na watoto wake walikuwa wanene, kila mmoja na masharubu meupe ya maziwa. Nilisimama nikatazama. Wangu, kule nyumbani, walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

Yule mama akaniambia kwa upole, "Hata msijali mambo ya hapa. Nendeni tu Uganda. Sisi tutaendelea kubeba mzigo."

"Mzigo gani?"

"Si huyu ng'ombe wenu." Akajipangusa mdomo.

Nilitoka na kaa langu kwenye kigae. Nilipofika njiani nikasimama. Nikamwaza shemeji: ng'ombe mmoja na vibuyu mstari mzima. Nikamwaza mtu wa Mulot: ng'ombe wawili, na ndama anayezeeka mbio. Nikamwaza kaka yangu, tumbo moja na mimi: ng'ombe mmoja. Kila aliyetuambia Uganda ni nzuri alikuwa na maziwa yetu tumboni wakati anasema. Nilisimama pale mpaka kigae kikaniunguza vidole, nikakitupa, nikarudi kuomba kaa lingine.

Nilimwambia mume wangu vile nilivyoona. Nikamwambia, "Hawa watu wanatufukuza kwa maziwa yetu wenyewe."

Alikasirika kidogo. Akasema kaka yake ni mtu wa Mungu. Halafu akasema kaka yake ameita watu Jumapili baada ya kanisa, wazee wakae, shauri liishe, na yeye atafuata vile watakavyosema. Hapo niliona hatari. Mume wangu alikuwa amepata watu wa kumnusia.

Jumapili tulikaa nyumbani kwa shemeji. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake tukakaa karibu na mlango, na mama mkwe kwenye kigoda chake kando ya moto, hasemi kitu, anatafuna tumbaku yake. Yule wa Mulot alikuwa amekuja tena. Kaka yangu pia. Mursik ilizunguka, na mimi nikabembelezwa ninywe kama mgeni, maziwa ya ng'ombe wangu. Shemeji akaomba. Mwishoni mwa maombi tulikuwa tumeshapanda basi la Kampala.

Kisha wakasema, mmoja baada ya mwingine. Wa Mulot akasimulia tena habari ya ndizi. Kaka yangu akasema mwanamume hawezi kuacha kazi ya maana arudi kuchimba viazi. Mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, na niliona sanduku likitoka mlangoni lenyewe.

Kwa desturi mwanamke hakatizi wazee. Sikuwakatiza. Nilingoja shemeji aulize kama kuna mwenye neno, jambo ambalo alikuwa anauliza kwa adabu tu, nikasimama.

Nikasema, "Wazee, tumesikia. Mmesema twende, tutakwenda. Na kwa kuwa watoto wanakua na hatujui tutarudi lini, safari hii hatutawasumbua na ng'ombe wetu. Wiki hii tutapita kuwachukua wote, tuwapeleke mnadani. Mmebeba huu mzigo vya kutosha."

Nikakaa.

Na ieleweke kwamba sikudanganya. Kama tungekwenda, wangeuzwa. Mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Shemeji aliweka kikombe chini taratibu kama kina yai. Mtu wa Mulot akaanza kukohoa, na hakuwa anaumwa. Mke wa shemeji alitazama vibuyu vyake vile mtu anatazama watoto wanaokwenda vitani.

Shemeji ndiye aliyeanza. "Kwa kweli," akasema, "Uganda ni mbali."

"Mbali sana," akasema kaka yangu.

"Na ile homa," akasema shemeji. "Hatujaongea juu ya homa."

Mtu wa Mulot akasema yeye binafsi amewahi kusikia ndizi nyingi zinaharibu tumbo la mtoto. Kaka yangu akasema siku hizi serikali inawapa watu wadogo miche ya chai, na mwanamume mwenye akili hapandi chai ya mtu mwingine wakati anaweza kupanda yake. Huyo huyo wa viazi. Shemeji akasema afadhali tuombe tena, kwa sababu labda mara ya kwanza hatukusikiliza jibu vizuri.

Mume wangu alikuwa amepotea. Alitazama huyu, akatazama yule, mdomo wazi. Kisha nikamwona anavuta pumzi kwa pua, polepole, kama anavyofanya kiwandani, na nikajua sasa amenusa kitu.

"Kumbe," akasema.

Ningekuwa nimemaliza hapo kama si mama mkwe. Alitema tumbaku motoni, akasema, "Mimi nasema waende."

Watu wote waligeuka. Mama mkwe hakuwa na ng'ombe wetu hata mmoja. Alikuwa na mbuzi wake na shamba lake, na tulipokuwa Uganda hakuomba kitu. Na neno la mama mtu ni neno. Mume wangu alifunga mdomo, na tulipofika nyumbani sanduku lilibaki pale pale lilipokuwa, karibu na mlango.

Asubuhi nilikwenda kwake. Msichana alikuwa anapuliza moto. Aliponiona alisimama, akafuta kigoda, akaenda moja kwa moja kuchukua kile kikombe chenye maua. Mama mkwe alimtazama anavyotembea, anavyoinama, anavyofunika sufuria, na hakuniangalia mimi hata kidogo. Nilimtazama yeye anavyotazama. Nilikuwa nimeona macho hayo jana yake, kwa mke wa shemeji, yakitazama vibuyu.

Nikangoja msichana aende mtoni.

"Mama," nikasema, "wale wengine walikuwa na ng'ombe wangu."

"Najua. Uliwapiga vizuri. Nilicheka usiku kucha."

"Na wewe una binti yangu."

Akasukuma kuni ndani.

"Ananiwashia moto," akasema. "Ananisugua mgongo. Anajua dawa yangu iko wapi. Ninyi mkienda, anabaki. Mkikaa, anahamia kwako kesho, na mimi nitabaki na mbuzi. Sasa ulitaka niseme nini?"

Hakuwa mtu wa kulia na mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia sikuja kumnyang'anya. Nikamwambia mtoto huyo alitunzwa kuliko ng'ombe yeyote tuliyewahi kuweka kwa mtu, na nikimchukua bila kuacha kitu nitakuwa nimevunja desturi.

Aliinua kichwa. "Utaniachia ndama?"

"Nitakuachia ndama."

"Yupi?"

Nikamtaja binti yetu wa mwisho, yule aliyezaliwa Uganda.

Mama mkwe alifikiri. Alikuwa amemwona mtoto huyo kwa mbali tu, akiwa amelala. Akasema, "Haya. Kaeni basi."

Mume wangu alipopata habari kwamba mama yake amekubali, alikaa nje mpaka jua likapanda. Kisha akaingia, akasukuma sanduku chini ya kitanda, akasimama katikati ya nyumba na kusema kwa sauti ya kiwandani, "Nimeamua. Tunakaa." Nikamwambia asante kwa kutuamulia. Mpaka leo wajukuu wanajua ni yeye aliyeamua.

Sasa huyo ndama. Mtoto huyo alikuwa wa kimo cha kuku na sauti ya jogoo. Alijua Kitoro na Kiswahili cha kambi, Kipsigis hakujua hata cha kuombea maji. Chakula chake kilikuwa matoke. Ilikuwa lazima niteremke Chepilat siku ya soko kununua ndizi mbichi kwa wamama wa Kikisii, ambao walidhani nimeolewa upande wao. Nilimpeleka kwa nyanya yake na blanketi lake. Nyanya akampikia ugali mzuri. Mtoto aliuangalia, akaubeba kwa mikono miwili, akawawekea kuku. Alipokatazwa alitoa hotuba ndefu kwa Kitoro, akimnyooshea kidole mama mkwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama mkwe alikosa jibu, kwa sababu hakujua ametukanwa au ameombewa. Nilisikia baadaye kwamba alitupa pia tumbaku yote chooni, akidhani ni uchafu.

Kabla wiki haijaisha niliona watu wawili wanakuja njiani, mmoja mrefu amejifunga leso, mwingine mfupi anavutwa mkono. Mama mkwe alifika, akaachilia ule mkono, akaketi.

"Huyu chukua," akasema. "Nipe wa miguu minne."

Tukampa ndama jike, yule mkubwa aliyeachishwa, wa ng'ombe wa rangi ya udongo. Na tukakubaliana msichana atakuwa analala kwa nyanya yake, amwashie moto, kisha asubuhi anakuja kwangu kunywa chai na kwenda shule, na akitoka shule anarudi kwangu. Mimi sikupata kila kitu nilichotaka. Lakini nilipata asubuhi na mchana, ambazo sikuwa nazo.

Ng'ombe walirudi polepole. Yule wa Mulot aliwaleta wale wawili akiwa amechelewa, akalalamika njia nzima, tukampa ndama wake hata hivyo, ingawa nilimwambia asimwache juani asije akavutika. Miaka michache baadaye Wakenya wengi waliokuwa kule Uganda walirudishwa makwao na vifurushi vichwani, na watu wakaanza kusema mimi niliona mbele. Sikuona mbele. Nilikuwa namtazama mtoto mmoja tu.

Yule wa rangi ya udongo, aliyekuwa kwa shemeji, alipoingia zizini kwangu nilichukua kibuyu nikaenda kumkamua. Alikataa. Alikuwa amezoea mkono wa mke wa shemeji kwa miaka yote hiyo, mimi hanijui. Nilimfungia ndama wake mchanga karibu, akakataa. Nilimwimbia wimbo niliokuwa nikiwaimbia ng'ombe wa mama yangu, akageuza kichwa akanitazama kama nimekosea nyumba. Nikamvuta chuchu kwa hasira, akainua mguu, kibuyu kikaruka mpaka kwenye matope.

Msichana alikuwa amekuja kunywa chai yake. Alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo ya shule, sijui tangu saa ngapi. Alikuwa amemkamua ng'ombe huyo mara nyingi huko kwa baba yake mkubwa. Aliokota kibuyu, akakisuuza, akanisukuma begani na nyonga yake, vile mtu anavyomsukuma mtu wa nyumbani aliyekaa vibaya.

"Mama, toka hapo," akasema. "Unamtisha."

Nikatoka. Akachuchumaa, akaanza kupiga mluzi polepole, na maziwa yakashuka. Aliponimiminia chai siku hiyo aliimimina kwa kikombe cha bati, kile kilichopasuka mpini, na nikakinywea.